Viziwi Nao Waifaidi Sinema

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya sinema na televisheni. Sitasema jinsi zinavyotupotezea saa za kusoma, maana hilo walimu wetu wamelisema vya kutosha. Nataka kusema juu ya watu ambao vyombo hivi vingewafaa kuliko sisi sote, nao ndio tuliowasahau. Watu hao ni viziwi.

Hapa Chamwino twaijua Shule ya Wasioona ya Buigiri, iliyoanza mwaka 1950. Hakuna anayeshangaa kumwona asiyeona ameweka redio sikioni, kisha akatueleza habari za dunia kutushinda sisi wenye macho. Redio ni chombo cha masikio, nacho kimemfaa. Kwa hesabu hiyo hiyo televisheni, iliyo chombo cha macho, ingekuwa rafiki mkubwa wa kiziwi. Lakini sivyo ilivyo. Kiziwi hukaa mbele yake akaona midomo inacheza, huyu analia, yule anapigwa, wala hajui kisa. Chombo cha macho tumekigeuza kuwa cha masikio.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sinema za kwanza duniani hazikuwa na sauti. Maneno yaliandikwa juu ya pazia, na kiziwi aliyejua kusoma alikaa sawa na jirani yake. Charlie Chaplin alikuwa na rafiki kiziwi, mchoraji Granville Redmond, naye alimpa nafasi katika sinema zake, ikiwamo City Lights ya mwaka 1931. Walakini mwaka 1927 ilitoka The Jazz Singer, na baada yake sinema zenye sauti zikaenea. Maandishi yakaondolewa, na viziwi wakafungiwa mlango pasipo mtu kukusudia.

Kwetu, sinema tangu zamani imekwenda na msemaji wake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 zilitengenezwa sinema za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na sauti zake zilitiwa katika sahani za santuri. Siku zetu hizi tuna vibanda vya video, ambamo sinema za Kichina na za Kihindi hupata mfasiri wa Kiswahili anayesema juu ya picha, kama Lufufu aliyevuma nchi nzima. Sisi twamshukuru mfasiri huyo, maana ametufungulia lugha tusizozijua. Lakini aliyefunguliwa ni mwenye masikio peke yake.

Nina baba yangu mdogo ambaye ni kiziwi, fundi wa kushona nguo. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa na miaka minne. Kibandani hucheka kama wengine, ila hucheka nyuma yao kidogo. Kwanza huwatazama nyusoni, na akiona meno yako nje naye hucheka. Siku ya mpira hana haja ya mtu. Hubishana kwa mikono na kibanda kizima juu ya penalti, na mara nyingi ndiye mwenye haki, kwa sababu macho yake hayakosi kitu. Lakini ikifika saa ya habari huniuliza kwa kidole kimoja kuna nini. Habari iliyosemwa kwa dakika kumi mimi humpa kwa ishara mbili: mvua, au bei ya mahindi. Hayo ni makombo. Mtu mzima, mlipa kodi na mpiga kura, hastahili kulishwa makombo ya habari za nchi yake.

Jambo la pili ni namna kiziwi mwenyewe anavyoonyeshwa. Katika michezo mingi niliyoitazama, kiziwi huletwa ili achekwe, au huletwa aliye mgonjwa ili mwishoni aombewe na kusema. Huitwa bubu, na sisi twalichukua neno hilo mpaka nyumbani. Wenyewe hujiita viziwi, na chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA. Wala si kweli kwamba hawasemi. Wana lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye kanuni zake kama lugha nyingine yoyote.

Huko Marekani nako walianza vibaya. Katika sinema ya Johnny Belinda ya mwaka 1948, msichana kiziwi aliigizwa na Jane Wyman, mwanamke anayesikia, naye akapewa tuzo ya Oscar. Ilipita miaka karibu arobaini ndipo tuzo hiyo ikamfikia mchezaji ambaye ni kiziwi kweli, Marlee Matlin, kwa sinema ya mwaka 1986 iitwayo Children of a Lesser God. Mwaka 2022 sinema ya CODA ilitajwa kuwa bora ya mwaka, na ndani yake viziwi waliigizwa na viziwi. Kumbe mtu akiachiwa kusema habari zake mwenyewe, watazamaji humfuata.

Na kuna sababu moja kubwa kuliko hizo. Lugha ya alama haiandikwi kirahisi katika kitabu. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa midomo, mikono iachwe. Viziwi wa Marekani waliogopa lugha yao isije ikafa, na mwaka 1913 mzee wao George Veditz alisimama mbele ya kamera akaitetea kwa mikono yake. Picha hiyo iko hata leo. Kwetu shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na viziwi waliotoka shule mbalimbali wana alama zinazotofautiana. Kamusi ya lugha yao ilitolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Ni kazi njema, lakini mkono uliochorwa katika karatasi haukunjiki. Sinema ndiyo kitabu cha kiziwi. Wazee wao wakifa bila kupigwa picha za sinema, tumechoma maktaba.

Huenda msomaji atasema, “Mbona wakalimani wapo siku hizi?” Naam, katika baadhi ya taarifa za habari wapo, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani au maandishi katika habari, vipindi vya elimu na shughuli za kitaifa. Lakini mkalimani akitiwa katika kisanduku kidogo kama stempu ya barua, vidole vyake vitasomwa na nani? Mwingine atasema ni gharama. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha yangewafaa pia wazee wetu ambao masikio yamechoka, na watoto wanaojifunza kusoma. Tena kimoja hakitoshi: kiziwi ambaye hakusoma hawezi kufuata maandishi, na aliyezibika masikio uzeeni hajui alama. Vyote viwili vyahitajika.

Sisi wa Chamwino tuna sababu ya kulisema hili. Ikulu iko hapa kwetu, na viongozi wakiapishwa picha hutoka hapa kwenda nchi nzima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha yao ya alama kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Nasi tusikae nyuma.

Basi, wanafunzi wenzangu, tusingoje Serikali peke yake. Sinema ikionyeshwa shuleni, maandishi yasizimwe hata kama yanatukera. Tujifunze herufi za vidole, kazi isiyozidi juma moja kwa kichwa chepesi, na salamu chache za alama. Tarehe 23 Septemba, ambayo tangu mwaka 2018 ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, naomba walimu watusaidie kuwaalika wanafunzi wa Shule ya Viziwi ya Kigwe, huko Bahi, watuigizie mchezo wao. Wao wawe watunzi na wachezaji, nasi tushike kamera. Wazazi nao, wenye mtoto kiziwi nyumbani, wasimfiche siku ya wageni. Mtoto huyo ana mengi ya kusema, nasi hatuna budi kujifunza kutazama.