Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Majengo: mama bado anasubiri nyumba ya uani

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Mipango na Majengo,

Faili ya nyumba ya uani ya familia hii Mkurugenzi anaifahamu, kwani imepita mezani kwake pamoja na barua za Kiingereza zilizoambatanishwa humo. Zote zilijibiwa kwa maneno yaleyale: ombi bado linafanyiwa kazi. Hii ya leo imeandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa hadharani kwa sababu yuko mtu anayestahili kuisikia ikisomwa, naye hajui lugha nyingine. Tena ziko familia nyingi za Waswahili hapa California ambazo kila siku zinaambiwa kwamba masharti ya ujenzi yamelegezwa, nazo zinachukua mikopo kwa kuamini hivyo.

Mtu huyo ni mama yake mwandishi wa barua hii. Umri wake umepita miaka 80, ni mzaliwa wa Tanga, na kiharusi kimemdhoofisha mkono na mguu wa kushoto. Nyumba ya mwanawe ni ya ghorofa, choo na bafu viko juu, na ngazi zimemshinda. Familia ikakaa kikao ikaamua kujenga kijumba cha futi za mraba 600 nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na kibanda cha zana: chumba kimoja, jiko dogo, choo chenye mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, sakafu isiyo na kizingiti popote. Kwa mtu wa Tanga hilo si jambo geni. Nyumba za kwao zina uani, na uani una vyumba, na katika vyumba hivyo wazee wamezeekea karibu na watoto wao.

Kibali kikiwa kinangojewa, mama alipelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ilikuwa iwe miezi michache. Sasa ni zaidi ya mwaka, na huko aliko hakuna hata mtu mmoja anayezungumza Kiswahili.

Wahudumu wa pale ni watu wema, na familia inawashukuru. Mmoja wao alimchorea karatasi yenye picha: bilauri ya maji, choo, kitanda, blanketi, uso wa mtu mwenye maumivu. Akaifunika kwa plastiki na kuifunga kwa kamba kwenye mkono wa kiti. Mama akiwa na kiu, ananyosha kidole kwenye bilauri. Akitaka kulala, ananyosha kidole kwenye kitanda. Picha ya mtu anayetaka kuuliza kama mvua imenyesha nyumbani haipo. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akisomesha watoto Kurani barazani kwake, aliyesuluhisha ndoa za watu, aliyeweza kusimulia habari ya harusi moja kuanzia alasiri mpaka magharibi. Leo anapitisha kutwa nzima bila kutamka sentensi. Wajukuu wakimtembelea Jumamosi wanaikuta sauti yake imekauka, na inachukua muda kabla maneno hayajarudi.

Kwa hiyo Mkurugenzi akiifungua faili ile, familia inamwomba aisome akijua kwamba kila karatasi iliyorudishwa imemwongezea mama majuma mengine ya kunyosha kidole.

Sheria zenyewe Mkurugenzi anazijua kuliko mwandishi, ila wasomaji wengine wanastahili kuzisikia. California ilitoa njia kwa nyumba za namna hii tangu sheria ya mwaka 1982, lakini miji ikaachiwa nafasi ya kuzizima kwa masharti: kiwanja kiwe na ukubwa fulani, maegesho yaongezwe, mwenye nyumba aishi hapohapo. Mwaka 2016 Bunge la jimbo lilipitisha sheria SB 1069 ya Seneta Bob Wieckowski kupunguza vizuizi hivyo. Mwaka 2019 likaja furushi kubwa zaidi, ikiwemo AB 68 ya mbunge Phil Ting, na tangu 1 Januari 2020 mambo yakawa wazi kabisa. Mji hauwezi kuzuia nyumba ya uani ya futi za mraba 800 iliyo angalau futi 4 kutoka mpaka wa nyuma na wa pembeni. Ikiwa chini ya futi za mraba 750, haitozwi ada za kuchangia miundombinu ya mji. Maegesho hayadaiwi pale ambapo usafiri wa umma uko ndani ya nusu maili kwa miguu. Na jibu, ambalo zamani mji ulipewa siku 120 kulitoa, litolewe ndani ya siku 60.

Mabadiliko hayo yamezaa matunda, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Vibali vya nyumba hizi katika jimbo zima vilikuwa zaidi kidogo ya 1,000 mwaka 2016. Kufikia mwaka 2022 vilipita 20,000 kwa mwaka. Kuna miji inayoitii sheria, na kuna wazee ambao leo wanakunywa chai dirishani wakiwaangalia wajukuu wakicheza. Ndiyo maana uchungu wa familia hii ni mkubwa. Wanachokiomba si upendeleo, kwa kuwa sheria imeshakitoa, na jirani katika mji wa pili amekipata.

Kijumba cha familia hii kina futi za mraba 600. Kiko futi 5 kutoka kwenye uzio wa nyuma na futi 5 kutoka wa pembeni. Msanifu aliacha futi moja zaidi ya zile zinazotakiwa ili pasiwe na ubishi. Hakikuwa na sababu ya kukwama.

Maoni ya kwanza ya idara yaliuliza bomba la maji taka linapita wapi. Swali la haki, likajibiwa kwa mchoro. Maoni yaliyofuata hayakugusa bomba tena. Yaliuliza ukubwa wa dirisha la chumbani, dirisha lililokuwa kwenye ramani tangu mwanzo, na vipimo vyake vimeandikwa pembeni yake. Likajibiwa. Yakaja mengine yakitaka kipenyo cha bomba linalotoka kwenye mita ya maji. Kisha, baada ya hayo yote, idara ikataka ithibitishwe gari la mkaazi mpya litaegeshwa wapi. Mkaazi mpya ni bibi wa miaka zaidi ya 80 ambaye hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Na hata angekuwa dereva, kituo cha basi kinaonekana kutoka getini. Mtu akisimama barazani anaweza kusoma namba ya basi linapofika. Ofisa wa idara alifika pale kupima, akasimama hatua chache kutoka kwenye kituo hicho, akarudi ofisini, na swali la maegesho likaandikwa.

Sheria inaikataza tabia hii kwa maneno yasiyo na utata. AB 2221, iliyopitishwa mwaka 2022, inasema mji ukilikataa ombi la nyumba ya uani, utoe maoni yote kwa maandishi, kwa pamoja, ukitaja kila kasoro na namna ya kuirekebisha. Yote kwa pamoja, ili mwananchi ajue amekosea wapi, arekebishe, aendelee. Idara ya Mkurugenzi imekuwa ikiyatoa tone baada ya tone kama bomba linalovuja, na kila tone limekula majuma.

Basi zile siku 60 zilikwenda wapi? Hapa ndipo familia ilipoelewa mchezo. Siku 60 huanza kuhesabiwa pale ombi linapokuwa limekamilika, na anayelitangaza kuwa limekamilika ni ofisi ileile inayobanwa na siku hizo. Kila maoni mapya yalipotolewa, ombi la familia hii liliandikwa kuwa halijakamilika, na hesabu haikuanza. Kwa kumbukumbu za idara, hakuna ucheleweshaji wowote uliotokea. Kwa kalenda iliyotundikwa ukutani mwa chumba cha mama, umetokea mwaka mzima na ziada.

Mwandishi anajua Mkurugenzi anaweza kujibu kwamba sheria imeweka dawa: mji usipojibu katika muda uliowekwa, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini Mkurugenzi na ajaribu kwenda benki na ukimya. Benki inataka kibali chenye muhuri ndipo itoe awamu ya kwanza ya mkopo. Mkandarasi hachimbi msingi bila kibali, kwa kuwa leseni yake iko hatarini. Mkaguzi wa idara hiyohiyo haji kukagua nondo kama hakuna namba ya kibali. Njia iliyobaki ni kwenda mahakamani, na mwenye uwezo wa kumlipa wakili kwa kesi ya namna hiyo pengine asingekuwa anamjengea mama yake kijumba cha futi 600.

Hasara nyingine zitajwe tu. Mkandarasi aliyekubali bei ya kwanza amechukua kazi nyingine. Msanifu amelipwa upya kwa kila marekebisho. Ruzuku ya jimbo ya hadi dola 40,000 kwa gharama za kabla ya ujenzi, ambayo familia iliitegemea, fedha zake zilikwisha. Yote hayo familia itayabeba. Pesa hutafutwa.

Mwaka wa mtu mzee hautafutwi. Daktari alisema mapema kwamba baada ya kiharusi mazungumzo ya kila siku ni sehemu ya tiba, na mama anakosa hasa hayo. Maneno yaliyokuwa mepesi kwake mwaka jana sasa anayatafuta. Amelisahau jina la mjukuu wake wa mwisho, akalikumbuka baada ya kusaidiwa, akalia kwa aibu. Angekuwa uani, mtoto huyo angemletea uji kila asubuhi na jina lake lisingepotea.

Na ubaya huu haukuishia kwa familia moja. Katika mtaa huohuo kuna gereji zilizogeuzwa kuwa vyumba usiku wa manane, waya za umeme zikapitishwa chini ya zulia, na watu wanalala humo bila dirisha la kutokea moto ukizuka. Wenyewe wanasema waziwazi kwamba wameangalia yaliyowapata waliofuata utaratibu. Upande wa pili wapo wenye fedha wanaowalipa washauri wa vibali, watu wanaojua ofisa gani aulizwe nini, na nyumba zao za uani zinasimama kisha zinapangishwa kwa watalii. Kati ya makundi hayo mawili wamebaki wale ambao sheria ililegezwa kwa ajili yao: familia zenye mzee, mtoto mlemavu au kijana asiyemudu kodi. Wao ndio wanaosimama kwenye foleni ya dirisha la idara wakiwa na ramani mkononi.

Mwaka 2023 mji wa Huntington Beach ulipotangaza kuacha kupokea maombi ya nyumba hizi, jimbo liliupeleka mahakamani mwezi Machi mwaka huohuo. Mji uliokataa kwa sauti ulipata jibu haraka. Idara inayokataa kwa kurudisha karatasi haijapelekwa popote, ingawa kwa mzee anayengoja matokeo hayana tofauti.

Bunge la jimbo limeuona mwanya huo. Sheria SB 543 ya mwaka 2025, iliyoanza kutumika 1 Januari 2026, inaupa mji siku 15 za kazi kusema kama ombi limekamilika au halijakamilika, na kutaja kilichopungua. Mwandishi anamwomba Mkurugenzi asiitumie tarehe hiyo kuyatenga maombi ya zamani. Waliokwama kabla ya Januari ndio walioteseka mpaka sheria ikaonekana kuwa ya lazima. Wasiwe wa mwisho kufaidika nayo.

Ombi la familia hii ni kibali. Msanifu amethibitisha kwa maandishi kwamba maoni yote yamejibiwa, na hakuna kipengele cha sheria kilichobaki kinachokizuia kijumba hiki. Baada ya hapo, idara iweke hadharani tarehe ambayo kila ombi la nyumba ya uani lilipokelewa na tarehe lilipojibiwa, bila majina ya watu, ili hesabu ya siku isibaki mikononi mwa anayehesabiwa. Iache kudai maegesho kwa nyumba zilizo karibu na kituo cha basi. Na ofisa anayerudisha ombi aandike jina lake na namba yake ya simu chini ya maoni, apatikane anapopigiwa.

Nakala ya barua hii, pamoja na maoni yote ya idara na majibu ya msanifu, imepelekwa kwa Idara ya Nyumba na Maendeleo ya Jamii ya jimbo la California, ambayo ina mamlaka ya kuusimamia mji katika jambo hili na kulifikisha kwa Mwanasheria Mkuu. Tafsiri ya Kiingereza imewekwa kwenye faili ya ombi. Familia inaomba jibu la maandishi kabla ya mwezi huu kwisha, litaje tarehe ya kibali.