Chama cha Kompyuta Kijifunze Nini?

Katika mkutano wa mwisho wa Chama cha Kompyuta, wanachama waliamua kwa kura nyingi kwamba muhula ujao nao tuendelee na Blender peke yake. Mimi nilikuwa mmoja wa wachache waliokataa. Kwa kuwa siku ile kengele ya chakula ililia kabla sijamaliza kusema, namwomba Mhariri anipe nafasi hapa nieleze sababu zangu.

Sina ugomvi na Blender. Wazazi waliofika Siku ya Wazazi walimwona twiga wetu akitembea ukutani mwa bwalo, wakapiga makofi. Hata filamu ya Flow, iliyotoka mwaka 2024 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa programu hiyo hiyo, nayo hailipiwi. Afanyaye kazi katika Blender ni kama mfinyanzi: huvuta hapa, hubonyeza pale, mpaka jicho liridhike. Hakuna aulizaye shingo ya twiga ina milimita ngapi.

Taabu ilianza tulipotaka kutengeneza kitu cha kutumika. Bushi moja ya mkokoteni wetu wa maji ilikuwa imelika. Tulipima ekseli kwa kalipa, tukapata kipenyo cha milimita 50. Basi tukachora bushi katika Blender, tukaipa tundu la milimita 50.2 ili ekseli ipite bila kubana, tukaipeleka kazi mjini kwa mwenye printa ya 3D, ile mashine ijengayo kitu kwa kuyeyusha plastiki tabaka juu ya tabaka. Fedha zilitoka katika michango yetu. Bushi ilirudi nzuri, nyeusi, yang'aa; lakini haikuingia. Tukamlaumu mwenye printa.

Mwalimu wetu wa Hisabati ndiye aliyetuonyesha kosa lilipokuwa. Umbo tulilolichukua katika Blender halikuwa duara hata kidogo. Lilikuwa wavu wa nukta zilizounganishwa kwa mistari na kufunikwa kwa vipande bapa. Silinda yake ilikuwa na pande 32, kama programu itoavyo usipoibadilisha. Nukta zote zilikuwa juu ya duara la milimita 50.2, lakini kati ya nukta na nukta ukuta ulikatiza moja kwa moja, ukaingia ndani. Gawanya nyuzi 180 kwa 32 upate 5.625, zidisha kosaini yake kwa 50.2, utapata 49.96. Tundu lilikuwa dogo kuliko ekseli tangu mwanzo, ingawa katika kioo cha kompyuta lilionekana duara safi!

Programu ya michoro ya ufundi kama FreeCAD, ambayo nayo ni ya bure, hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake duara ni duara, lenye kitovu na kipenyo, na namba uliyoiandika hubaki. Ni kweli kwamba kazi ipelekwapo kwenye printa mara nyingi hukatwa pembetatu vilevile, lakini wewe ndiwe uchaguaye ziwe ndogo kiasi gani. Zaidi ya hayo, programu hukumbuka hatua zako. Ikiwa ekseli ni ya milimita 48, wabadilisha namba moja tu, na sehemu zote zilizofungamana nayo zajipanga upya.

Wenzangu husema kwamba Blender nayo yakubali milimita, na pande zaweza kuongezwa zikawa 256. Naam, zaweza. Lakini ni nani kati yetu aliyejua kwamba yampasa kuziongeza? Mwaka mzima hatukuwa tumeulizwa kipimo cha kitu chochote. (Nami nakiri kwamba nilijaribu kumchora twiga katika FreeCAD, ilikuwa adhabu tupu.)

Naomba, basi, Jumamosi mbili za kila mwezi ziwe za FreeCAD, tuanze na bushi ile ile. Wako miongoni mwetu watakaokwenda vyuo vya ufundi, na huko hawatapimwa kwa twiga.

Fundi wa shule aliipanua bushi yetu kwa tupa ya mviringo, akapitiliza kidogo upande mmoja. Sasa ekseli yapita, lakini gurudumu lacheza. Atakaye kuliona na asimame karibu na kisima saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya maji inapoanza.