Tusifanywe wapiga namba

Jamani, tuambizane ukweli. Vikokotoo vya grafu, TI-84, vimeletwa kambini kama msaada, halafu tunafundishwa kuchapa 1, ENTER, 2, ENTER, mpaka 30. Hilo ni somo gani? Mashine yenyewe inajua kuhesabu!

Nenda kwenye kichwa cha safu L1, andika seq(X,X,1,30): siku 30 zinajipanga zenyewe. L2 ni lita tulizopima bombani kila siku. Hizo lazima uchape, hakuna ujanja. Kwenye kichwa cha L3 andika "L2/40", kama bomba lenu lina watu 40. Alama za nukuu usiziache. Ukiziweka, ukisahihisha lita za siku moja, L3 inabadilika papo hapo. Bila hizo inabaki na hesabu ya zamani. L4 iwe cumSum(L2), jumla inayopanda siku hadi siku.

Sasa soma L3. Viwango vya Sphere vinasema angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Tunaona wenyewe siku gani tulipunjwa, hatungoji ripoti ya mtu.

Wakufunzi mnatuambia eti KCSE hairuhusu vikokotoo vya kuprogramu. Kweli, hairuhusu. Lakini mtihani ni mara moja, maji ni kila siku. Na ninyi ofisini mbona mnaweka fomula kwenye Excel, hamchapi safu nzima kwa kidole? Tufundisheni hicho hicho. Na kabati la vikokotoo lisifungwe Jumamosi.