Karatasi ya Maabara si Ushahidi wa Uzinzi

Barabara ya Argwings Kodhek, mtaani Hurlingham, haikosi kliniki wala maabara, na akina mama wengi huingia humo kupimwa mlango wa kizazi. Balaa huanza karatasi ya majibu ikifika nyumbani. Ikitaja dalili za virusi vya papiloma, mume hufoka: umevitoa wapi?

Tuelewane, ndugu msomaji. Katika kipimo cha Pap mtaalamu haoni virusi vyenyewe. Kwa darubini huona chembe zilizoharibiwa navyo: kiini kimevimba na kukunjamana, na pembeni mwake pana duara jeupe, kama tundu. Leopold Koss na Grace Durfee walizieleza chembe hizo mwaka 1956. Hazisemi virusi viliingia lini, kwani huweza kujificha miaka mingi. Huenda hata vililetwa na huyohuyo anayefoka, naye hana kipimo cha kawaida cha kumfichua!

Kwa maoni yangu, daktari asimkabidhi mama karatasi hiyo na kumuaga. Amweleze kuwa hiyo bado si saratani, kwamba mara nyingi mwili huviondoa virusi wenyewe katika miaka 2, na amwandikie tarehe ya kurudi.