Spika za sebuleni achague Babu

Mwenzenu nilipotea kidogo, testi zilinikaba, ila nipo. Leo siongelei bumu kuchelewa wala foleni ya kafteria. Nina hoja ya nyumbani kwetu Kibiti, na najua wengi mtanipinga, hasa nyie wa ghorofa ya juu mnaotutikisia vitanda kila Ijumaa.

Ni hivi. Hela ya korosho imeingia, kaka zangu wameamua sebule ya nyumbani ipate muziki wa maana. Mchango umepita kwenye kundi la familia, na kwa kuwa mimi nipo Dar nimepewa kazi ya kwenda Kariakoo. Maagizo yaliyokuja ni mafupi: sabufa kubwa, spika tano, boksi liandikwe wati elfu na kitu, "tufanye sinema kabisa". Binamu yangu mmoja akaongeza kwamba mpaka barabarani wajue tumenunua.

Mimi nasema hapana. Na sisemi kwa ubahili.

Hebu angalieni nani amepiga kura. Ni sisi tunaoishi mbali, tunaokwenda nyumbani Idi na likizo. Wanaokaa humo ndani siku zote ni Babu, Mama, shangazi na mdogo wangu wa kidato cha nne ambaye chumba chake kinapakana ukuta na sebule. Hao hakuna aliyewauliza. Sebule ile si ukumbi wa disko jamani. Saa 2 usiku ni taarifa ya habari, baada ya hapo ni tamthilia, halafu watoto wa majirani wanajaa kwenye mkeka kutazama sinema iliyotafsiriwa. Mtu mwingine kasinzia kwenye kochi hapo hapo.

Babu sasa. Masikio yake yanakwenda, na uzee ukishika masikio unaanza kula sauti nyembamba: s, f, t, k. Mdundo anausikia vizuri tu, pengine kuliko mimi. Kinachompotea ni maneno. Mtangazaji akisema "amefika", Babu anaweza kusikia "amepika". Sasa ukimwongezea besi umemsaidia nini? Umemfukia yale machache yaliyobaki. Aprili 2024 mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti, na sisi tuna ndugu huko delta, watu walikuwa wanajazana pale kila jioni kusikia maji yamefika wapi. Babu anamuuliza aliye jirani yake, "Kasemaje?" Yule anajibu, na wakati anajibu sentensi nyingine imeshapita. Mzee ambaye shamba lake liko bondeni, anapata habari nusu nusu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja: tununue spika za kusikia maneno. Anayesikia kwa shida ndiye achague.

Twende kwenye hizo spika tano. Ni kweli, kwenye filamu iliyorekodiwa kwa sauti ya kuzunguka, spika ya katikati ndiyo inabeba mazungumzo na zile za nyuma zinaleta mvua, risasi na helikopta. Lakini sisi tunatazama nini? Habari, mpira, Bongo muvi, na zile sinema ambazo mtafsiri anaongea juu ya sauti ya Mmarekani. Tuliokulia kwenye mabanda ya video tukimsikiliza Lufufu tunajua, pale burudani yote ilikuwa mdomoni mwa mtafsiri. Sinema za namna hiyo hazina cha maana cha kupeleka nyuma. Spika mbili za nyuma zitakaa kimya, au zitarudia maneno yale yale na kuleta mwangwi. Bora hela ya tano iingie kwenye mbili nzuri, zikae kushoto na kulia kwa TV, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Siyo sakafuni nyuma ya kochi.

Na zile wati elfu msidanganyike. Wakiandika PMPO jueni hiyo namba haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinaandika kinavyopenda. Inayofaa ni RMS. Kama hawakuandika, geuza chombo nyuma usome kibandiko kinakula umeme kiasi gani. Kikiandikwa wati 60, hakiwezi kutoa 1,000 mfululizo, hiyo ya ziada itatoka wapi? Halafu hata wati zenyewe ukizizidisha mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo kabisa kwa sikio. Ili masikio yaone sauti imekuwa kama mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi.

Besi nayo haiheshimu ukuta. Mlio wa hezi 50 una urefu wa wimbi karibu mita 7, tofali haliuzuii sana, ndiyo maana ukiwa nje unasikia "dum dum" bila wimbo. Ukiliweka sabufa kwenye kona, ambako ndiko kila mtu anakoliweka, besi inazidi, bati nalo linaanza kulia. Mdogo wangu ana mtihani wa taifa. Atasoma wapi?

Binamu anasema, na siku ya shughuli je? Siku ya shughuli tunakodi muziki kama watu wote. Hatuwezi kuishi mwaka mzima na spika za harusi kwa ajili ya harusi moja.

Kuna na la Bibi mdogo, yeye yuko delta, ukishuka Nyamisati unapanda boti. Kule kwake ni sola. Naye anataka muziki, na kwake nitatafuta kadogo kanakotumia volti 12 moja kwa moja kwenye betri, maana inveta inakula umeme bure hata kabla wimbo haujaanza. Na kawe kanafunikika, ule upepo wa chumvi unakula nyaya.

Dukani muuzaji atakuwekea wimbo wenye mdundo mzito, utatingishika, utalipa. Mimi naenda na flashi yangu: taarifa ya habari, mawaidha, taarabu moja ya zamani na dakika kumi za sinema iliyotafsiriwa. Nitasimama mlangoni, nigeuze mgongo, sauti iwe ndogo. Nikikosa hata neno moja, naenda duka la pili. Na kabla ya kulipa nampigia Babu nimsikilizishe. Simu haitoi sauti halisi, najua, ila nataka kundi lile lijue kwamba ameulizwa.

Kaka zangu mnaosoma hapa, bado mna mpaka Ijumaa kunijibu. Jumamosi asubuhi nipo Kariakoo, mwenye nafasi anisaidie kubeba boksi mpaka Mbagala Rangi Tatu, soda juu yangu.