Chanjo ya Watoto na Maradhi ya Neva
Watoto wachanga wa Moshi na wa miteremko ya Kilimanjaro, tangu Machame mpaka Marangu, huchanjwa BCG ili wasalimike na kifua kikuu. Nao wazazi wengi hawana habari kwamba chanjo hiyo hiyo ilijaribiwa na matabibu wa Italia kwa watu waliopatwa na dalili za awali za maradhi ya MS, ambamo kinga ya mwili huzihasimu ala za neva, na kwamba, kwa mujibu wa taarifa yao ya mwaka 2014, asilimia 58 ya waliochanjwa walitimiza miaka mitano bila ya maradhi kuthibitika, ilhali kwa wasiochanjwa walikuwa asilimia 30. Wagonjwa hao hawakufikia mia, wala sisemi kuwa dawa imepatikana. Lakini Hospitali ya KCMC ya hapo Moshi yastahiki kushirikishwa katika majaribio kama hayo, na Wizara ya Afya iitengee fungu.