Muziki Haulindwi kwa Usafi wa Damu

Kila muziki wa vijana unapojadiliwa katika makongamano au vikao vya maofisa utamaduni, swali la kwanza huwa lilelile: je, huu ni wetu? Swali hilo limevaa joho la uzalendo, lakini ni swali la kivivu. Humpa mtu asiyejua muziki mamlaka ya kuuhukumu muziki, maana kuuliza asili ya kitu ni rahisi kuliko kupima ubora wake. Ninakusudia kulipinga kwa mfano wa mbali kidogo: bendi ya jazi ya watu watatu kutoka Sweden, Esbjörn Svensson Trio, iliyojulikana pia kwa kifupi cha e.s.t.

Bendi hiyo iliundwa mwaka 1993. Svensson alipiga piano, Dan Berglund besi kubwa ya mbao, na Magnus Öström dramu. Novemba 2006 walitumbuiza Hamburg, Ujerumani, na onyesho hilo likatolewa mwaka uliofuata kama albamu, Live in Hamburg. Ndani yake mna mambo ambayo mlinzi wa usafi asingeyaruhusu yakae meza moja. Piano hupita katika utulivu wa muziki wa kiklasiki wa Ulaya. Berglund huchukua uta na kuipitisha sauti ya besi katika vifaa vya wapiga gitaa la roki, hadi ala ya mbao inanguruma kama injini. Öström huleta mapigo ya kasi ya muziki wa kielektroniki. Katikati ya yote hayo jazi ipo, kwa kuwa watatu hao wanabuni papo hapo mbele ya hadhira, kila mmoja akimsikiliza mwenzake ndipo ajibu.

Je, hiyo ni jazi? Tangu miaka ya 1980 imekuwapo Marekani kambi yenye nguvu, ambayo mpiga tarumbeta Wynton Marsalis ni sauti yake mashuhuri, inayoshikilia kwamba pasipo bluzi na swingi hapana jazi. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Nyuma yake kuna historia ya Wamarekani Weusi waliobuni muziki, kisha wakaona wengine wakitajirika nao. Kudai deni ni haki. Hata hivyo, kudai deni ni jambo moja na kufunga lango ni jingine. Jazi ililelewa New Orleans, mji wa bandari, kwa ngoma za watu waliotoka utumwani, nyimbo za kanisani, bendi za matarumbeta na dansi za Kifaransa. Jelly Roll Morton, mmoja wa watunzi wake wa awali, alisisitiza kwamba haikamiliki bila ladha ya Kihispania. Anayeitafuta jazi safi atarudi nyuma hadi bandarini, na huko nako hataikuta.

Sisi tuliolelewa na lugha ya bandari tulipaswa kulielewa hili mapema. Anayehubiri usafi wa utamaduni kwa Kiswahili amesoma shule, neno la Kijerumani. Ameshika kitabu, neno la Kiarabu. Amekaa mezani, neno la Kireno. Wazee wetu wa dansi walijiita Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Tabora Jazz, huku magitaa yao yakifuata zaidi rumba ya Kuba na Kongo kuliko jazi ya Marekani. Hawakuomba kibali New Orleans wala Havana. Leo nyimbo zao tunaziita zilipendwa na kuzitaja kuwa urithi wa taifa. Lakini Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa jina la utamaduni huohuo wa taifa. Mchanganyiko wa jana ni urithi. Mchanganyiko wa leo ni uchafu. Huo si msimamo wa kitamaduni. Ni kuchelewa kusikia.

Mtu ataniuliza: basi kila kitu kiruhusiwe, hata kelele? La hasha. Svensson alisomea muziki katika chuo cha kifalme cha Stockholm. Mwaka 1996 bendi yake ilitoa albamu nzima ya tungo za Thelonious Monk. Yaani, kabla ya kulikiuka darasa walilihudhuria. Tungo zao wenyewe nyingi waliziandika kwa majina ya wote watatu, na walidumu pamoja, watu walewale, hadi Svensson alipofariki akipiga mbizi mwaka 2008. Miaka kumi na mitano! Uhuru wao wa kuchanganya ulilipiwa kwa kusoma na kwa kukaa pamoja.

Hapo ndipo penye tatizo letu, na walinzi wa lango hawalioni. Tunahojiana kama mdundo una asili ya Lagos au Tandale, ilhali katika sherehe nyingi msanii hupanda jukwaani na kufungua mdomo tu, wimbo ukiimbwa na kompyuta. Mpiga besi hayupo. Mpiga dramu hayupo. Hakuna wa kumsikiliza wala wa kumjibu. Muziki wa namna hiyo hata ungekuwa na asili safi kama maji ya chemchemi, umekwisha kufa jukwaani.

Nitaambiwa Sweden ni tajiri. Ni kweli, na kwa miongo mingi utajiri huo umegharimia shule za muziki za manispaa, ambako mtoto hujifunza ala kwa msaada mkubwa wa fedha za umma. Hatuwezi kuiga kiwango chao kesho asubuhi, lakini tunaweza kuiga mpangilio wa vipaumbele: ala kwanza, hukumu baadaye.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma, utakapoletewa tena faili la kujadili maadili ya muziki, liweke kando kwa muda, uulize maswali matatu. Ni shule ngapi za wilaya yako zenye hata kinanda kimoja? Nani amelipwa kufundisha? Ukumbi uko wapi ambamo vijana watatu wanaweza kukutana kila wiki na kukosea pamoja hadi wapatie? Nawe mwanafunzi, mwanaharakati, mpelekee maswali hayo diwani wako kabla bajeti haijapitishwa. Asiyeweza kuyajibu hana anachokilinda.